Mto Tana Hauji Bila Hodi

Ukipanda basi la asubuhi kutoka Malindi kwenda Lamu, utapita Mambrui, Gongoni na Marereni, na upande wa baharini utaona marundo meupe ya chumvi yakimeta juani. Baada ya hapo miji inakwisha. Ni vichaka, mbuzi na barabara ndefu mpaka njia panda ya Minjila, ambapo njia moja inakwenda Hola na Garissa, na nyingine inaingia Garsen na kuendelea hadi Lamu. Hapo ndipo nchi inapolala. Hutaona kilima mbele wala nyuma. Udongo ni mweusi na mzito, na kando ya barabara akina mama wanauza maembe, ndizi, na kambare waliokaushwa kwa moshi. Kisha unafika darajani, na chini yake mto unapita kimya, rangi yake kama chai ya maziwa.

Hii ni Kaunti ya Tana River, mahali ambapo mto mrefu kuliko yote nchini Kenya unamwaga maji yake baharini. Nimefika huko mara kadhaa pamoja na akina mama wenzangu wa kanisa, kufundisha mambo ya maji safi na afya ya watoto. Kila mara nimerudi nikiwa nimefundishwa zaidi ya nilivyofundisha. Ningependa, mama msomaji, nikutembeze huko kidogo, kwa sababu yale wanayoyajua akina mama wa Tana kuhusu mafuriko yanaweza kuokoa nyumba yako pia, popote unapokaa.

Wenyeji wa kando ya mto ni Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi, na Waorma na Wawardei, ambao ni wafugaji. Huenda hujawahi kufika kwao, lakini sauti yao unaijua. Wimbo wa Taifa la Kenya, ulioanza kuimbwa mwaka 1963, ulitungwa kwa sauti ya wimbo wa kubembeleza watoto wa Kipokomo. Kwa hiyo kila tunaposimama wima kuuimba, tunaimba sauti ya mama wa Tana akimlaza mwanawe.

MTO UNAOTOKA MBALI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba maji yanayofurika Garsen si mvua ya Garsen. Mto Tana unaanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, na husafiri kama kilomita 1,000 kabla ya kufika baharini. Mvua inayonyesha Nyeri, Murang'a na Meru ndiyo inayoingia jikoni kwa mama wa Tana siku nyingi baadaye. Jua linaweza kuwa kali, mbingu safi bila wingu hata moja, watoto wakicheza mavumbini, na huku maji yako njiani.

Huko juu kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote. Mabwawa haya huzuia mafuriko madogo, na kwa sababu hiyo wengine hudhani hatari imekwisha. Lakini bwawa ni kama mtungi: ukijaa, humwagika. Masinga likijaa na mvua ikiendelea, maji hupita juu na kushuka bwawa moja baada ya jingine, kisha hufika Garissa, kisha Hola, na mwisho Garsen na vijiji vya delta.

Hapo ndipo ilipo neema ya mto huu. Tetemeko la ardhi halitoi taarifa. Mafuriko ya ghafla ya mjini hukupa dakika chache tu. Lakini Tana hupiga hodi. Redio hutangaza kwamba Masinga limejaa, halafu husikia Garissa maji yamepanda, na wewe uliye Garsen au Ngao bado una siku kadhaa mkononi. Swali ni moja tu: siku hizo tunazitumiaje?

MGENI ANAYELETA NA KUCHUKUA

Watu wa mbali huuliza, kwa nini wasihame moja kwa moja? Mimi pia nilimwuliza bibi mmoja karibu na Ngao, naye akanionyesha shamba lake kwa mkono. "Mwanangu," akasema, "mpunga huu nani ameutia mbolea?" Ni mto. Kila unapofurika na kurudi, huacha tope laini lenye rutuba, na juu ya tope hilo hupandwa mpunga, mahindi na ndizi. Wafugaji nao huleta ng'ombe wao deltani wakati wa kiangazi, kwa kuwa ndiko majani yanakobaki mabichi. Mwaka 2012 delta hii iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani kubwa, zile zinazolindwa kwa mkataba wa Ramsar. Mto huu ni ghala lao. Hakuna anayekimbia ghala lake.

Lakini mgeni huyu akija kwa hasira, huchukua zaidi ya alicholeta. Wazee wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1961. Akina mama wa umri wangu tunaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998, iliyofuatwa na kipindupindu sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2018 maelfu ya familia za Tana River walilala nje. Kisha ikaja miaka ya ukame, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa. Watu walipokuwa wakiomba mvua, mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuja kupita kiasi, na barabara ya kwenda Lamu ikakatika. Kabla hawajakauka vizuri, mafuriko mengine yakaja Aprili na Mei 2024. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, upande wa juu wa kaunti karibu na Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha abiria mahali maji yalipofunika barabara ilipinduka, na watu wakapoteza maisha.

NI NINI KILIWACHELEWESHA?

Siku moja tulikaa na akina mama chini ya mwembe, Wakristo na Waislamu pamoja, kwa sababu mto hauulizi mtu anasali wapi. Niliwauliza: "Kama hodi ilisikika, kwa nini wengi walitoka maji yakiwa magotini?"

Mmoja alisema mahindi yalikuwa yamebaki wiki mbili kukomaa. Mwingine alisema aliogopa wezi. Wa tatu alisema kila mwaka wanaambiwa maji yanakuja, na mara nyingine hayaji, mpaka masikio yamechoka. Mwingine akasema, "Tulijua Mungu atatulinda." Hayo yote niliyatarajia.

Kisha mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, mimi nilimngoja baba watoto."

Mume wake ni bawabu Mombasa. Maji yalipopanda, alimpigia simu, haikushika. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Majirani walianza kuondoka, lakini yeye alijiuliza: nikiacha nyumba, nikiuza mbuzi wake, nikienda kwa watu wasio jamaa zake, atasema nini? Akangoja usiku mmoja, akangoja wa pili. Usiku wa tatu aliamshwa na kuku waliokuwa wakipiga kelele, na aliposhusha mguu kitandani aliukuta majini. Alitolewa kwa mtumbwi gizani, yeye, watoto watatu na mama mkwe wake. Wote walipona, ashukuriwe Mungu. Lakini mbegu zilikwenda, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikwenda, na dawa za presha za mama mkwe zilikwenda pia. Mkwe yule alikaa wiki kadhaa bila dawa, akapooza upande mmoja. Hata leo analishwa kwa kijiko.

Alipomaliza, hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha nikauliza ni wangapi waliowahi kungoja ruhusa. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko nilivyofikiri.

Mama msomaji, jambo hili ni la nyumba zetu zote. Waume zetu wengi wako kazini mbali, au wako malishoni, au baharini. Heshima kwa mume ni jambo jema, nami sikushauri uivunje. Nakushauri uiweke mahali pake. Ruhusa iombwe wakati wa kiangazi, siyo usiku wa maji. Mkiwa mmekaa baada ya chakula, watoto wamelala, mwambie: "Baba fulani, maji yakija na wewe haupo, tufanye nini?" Mwanamume anayependa watoto wake hatakasirika kwa swali hilo. Pengine alikuwa akiliwaza mwenyewe huko aliko.

Mkubaliane mambo matano. Kwanza, dalili ipi ikionekana mnaondoka bila kungojana. Kwa mfano, redio ikitangaza kuwa maji ya Garissa yamepanda. Pili, mnakwenda wapi hasa: kwa jamaa gani, au shule ipi iliyo mwinuko. Tatu, nani mwenye neno la mwisho baba asipokuwepo, na neno hilo liwe la mama. Nne, mifugo gani iuzwe au ipelekwe juu mapema. Tano, mkipoteana, habari ziachwe kwa nani. Kisha wajulisheni wazazi na shemeji, ili siku hiyo pasiwe na wa kuuliza, "Nani kakwambia uhame?"

Na kuhusu yule aliyesema Mungu atatulinda, mwenzake alimjibu vizuri kuliko mimi. Alisema Nuhu aliijenga safina jua likiwaka.

KIJITI CHA BIBI

Bibi wa shamba la mpunga alinifundisha jambo lisilo na gharama. Msimu wa mvua unapokaribia, yeye huchomeka kijiti ukingoni, pale maji yanapoishia. Asubuhi na jioni humtuma mjukuu akakitazame. Maji yakikipita, anachomeka kingine juu zaidi. Yakivipita viwili kwa siku moja, bibi hangoji redio. Mjukuu asiogelee wala asikae ukingoni, kwa kuwa mamba wapo. Anatazama kwa mbali na kurudi.

Mto una misimu miwili ya kujaa, ule wa mvua za masika, Aprili hadi Juni, na ule wa mvua za vuli, Novemba na Desemba. Kwa hiyo matayarisho yawe yamekamilika mwezi Machi, na tena mwezi Oktoba, kama vile tunavyotayarisha shamba.

MFUKO WA NYUMBA

Sasa niseme kama muuguzi. Chukua mfuko mgumu wa plastiki au ndoo yenye kifuniko, uweke mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anaweza kuichukua. Ndani yake weka:

• Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, na kitabu cha kliniki cha mtoto, vyote vikiwa vimefungwa ndani ya plastiki.
• Dawa za kila siku za mgonjwa wa presha, kisukari, kifua kikuu, kifafa au za ARV. Ukienda kliniki kabla ya mvua, omba za kutosha muda mrefu kidogo, na uandike majina ya dawa kwenye karatasi.
• Chumvi, sukari, kijiko, na dawa ya kutibu maji.
• Tochi, kiberiti kilichofungwa vizuri, simu iliyojazwa moto, na nambari muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwani simu ikizima hukumbuki nambari hata ya dada yako.
• Leso mbili, vitambaa vya hedhi, sabuni, na nguo kavu za mtoto.
• Chandarua. Wengi huisahau, na ndiyo inayohitajika wiki zinazofuata.
• Mbegu kidogo za msimu ujao, kwenye chupa iliyozibwa.

Mama mjamzito aliyefikisha miezi minane asingoje dalili yoyote. Aondoke wiki kadhaa kabla, akakae karibu na hospitali. Uchungu ukimkuta barabara imekatika, mtumbwi si chumba cha kujifungulia. Na mzee asiyeweza kutembea, au mtoto mlemavu, apangiwe mtu wa kumbeba kwa jina, siyo "mtu atapatikana".

Kama umechelewa na maji yameshafika, usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yako magotini tu. Nguvu yake humwangusha mtu mzima. Panda mahali palipoinuka ungoje mtumbwi, na mtumbwi usijazwe kupita kiasi.

MAJI YAKISHATULIA

Katika kazi yangu nimeona kwamba hatari haiishi maji yanapoacha kupanda. Vyoo vimefurika, visima vimeingiwa na uchafu, watu wamebanana kambini. Mwaka 2024 kipindupindu kilizuka tena Tana River katika hali kama hiyo. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, au yatiwe dawa, hata yakionekana safi. Mikono ioshwe kwa sabuni, au majivu kama sabuni haipo. Choo cha muda kichimbwe mbali na maji, hata kama ni siku mbili tu mtakazokaa.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja. Ukikosa pakiti za zahanati, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vimesawazishwa, visiwe vya kilima. Onja, yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo baada ya kila kuharisha, na endelea kumnyonyesha. Kuhara kukiwa kama maji ya mchele, au macho yakiingia ndani, au mtoto akilegea, mkimbize hospitali huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Wiki chache baadaye mbu huwa wengi, na malaria huja. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Kwa wafugaji kuna hatari nyingine, homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 iliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya baada ya mvua kubwa. Ukiona ng'ombe, mbuzi au kondoo wengi wanatupa mimba kwa pamoja, usishike kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, usinywe maziwa yasiyochemshwa, na mwarifu ofisa wa mifugo.

Mkirudi nyumbani, ingieni kwa fimbo, mkipekua kila pembe, kwa maana nyoka pia walikuwa wakitafuta pakavu. Aliyeumwa asichanjwe wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali.

KIPINI, MTO UNAPOKUTANA NA BAHARI

Safari yetu ya mwisho ilitupeleka Witu, iliyo upande wa Kaunti ya Lamu, na kutoka huko tukashuka hadi Kipini. Hapa Tana inaingia Ghuba ya Ungwana. Ni mji wa kale, wenye minazi, samaki wazuri na upepo mtamu. Lakini hapa watu wana mlango mwingine wa kuulinda. Bahari imekuwa ikila ufuo, na mto ukipungua wakati wa ukame, maji ya chumvi hupanda kuingia mashambani. Ndiyo maana wazee wanasema mkoko ukikatwa, nyumba inafuata. Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwa watu.

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko karibu na Sumatra, Indonesia, lilituma mawimbi ya tsunami hadi pwani yetu. Somalia ilipoteza mamia ya watu. Kenya alikufa mtu mmoja. Mawimbi yalikuta bahari imekupwa, na watu waliondolewa fukwe mapema kwa sababu taarifa ilifika. Watoto wa pwani wafundishwe hili kama wanavyofundishwa kuvuka barabara: ukiona bahari inarudi nyuma ghafla, kuliko kupwa kwa kawaida, usiende kuokota samaki. Kimbia bara, panda mahali pa juu, na usirudi baada ya wimbi la kwanza.

KAZI YA WIKI HII

Huenda wewe unakaa karibu na Sabaki, au Rufiji, au Nzoia, au bondeni tu mahali mvua ikinyesha mtaro hufurika. Kila maji yana hodi yake. Waulize wazee wa hapo ni ipi. Kikundi cha akina mama wa kanisani kinaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo: kuandika orodha ya wajawazito, wazee na wagonjwa wa kila kijiji, kujua nani ana mtumbwi na nani ana redio, kuhakikisha ufunguo wa kanisa au wa shule iliyo mwinuko uko kwa mtu anayepatikana usiku, na kuwashirikisha majirani wa msikitini, ili pasiwe na nyumba iliyoachwa.

Yule mama kijana aliyemngoja mumewe alinieleza jambo moja zaidi tulipokuwa tukiagana. Mumewe aliporudi na kumkuta mama yake amepooza, alilia, akasema, "Kwa nini hukuondoka tu?" Alikuwa amempa ruhusa tangu zamani moyoni mwake, ila hakuwahi kuitamka, naye mkewe hakuwahi kuiuliza.

Basi mama, uliza. Chukua karatasi ya daftari la mtoto, mwandike yale mambo matano, wewe na baba watoto, na muibandike nyuma ya mlango. Ikiwa yuko mbali, mpigie leo wakati simu inashika.